Nyuzi kumi na sita, mada moja: jinsi kwateti inavyopanga msimu wa muziki mpya

Jumamosi moja jioni, nyuma ya parokia katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, repetisio ya kwaya ilikwisha tukabaki watu kama kumi na wawili kwenye mabenchi. Niliweka spika ndogo juu ya meza, nikaiunganisha na simu, nikawaomba wanisikilizie kitu. Zikatoka nyuzi zinazolia kwa ukali, zikitetemeka juu kabisa kama wadudu waliovamia taa usiku wa mvua, zikanyamaza ghafla, zikarudi kwa nguvu zaidi. Kijana mmoja wa teno akainama sikioni mwangu, kwa heshima, maana mimi ni mkubwa wake: "Ya, banapiga ao bangali banatengeneza nyuzi?"

Nimekaa na swali hilo tangu siku ile. Ni swali la haki kabisa, na ndani yake kuna mengine yaliyofungana: hawa wanne wa kwateti ni akina nani, kwa nini muziki wao unaitwa wa kisasa na haufanani na muziki wa kisasa tunaocheza kwenye arusi, kwa nini wanasema wana "msimu" kama wakulima wa mahindi, na kwa nini msimu huo hupewa mada, kama Kwaresima inavyopewa mada yake parokiani. Nitafungua fundo moja moja, na kwenye fundo la mada nitakaa zaidi, kwa sababu hapo ndipo naona watu wa mji huu wana la kusema.

Kwateti ya nyuzi ni watu wanne na vyombo vinne: fidla mbili (violoni, kama wengi tunavyosema hapa), viola moja na selo moja. Mtu aliyeimba kwaya tayari anaujua mpango huo. Fidla ya kwanza ni soprano, ya pili ni alto, viola ni teno, selo ni besi. Ulinganisho huu haukamiliki, kwa sababu selo inaweza kupanda hadi kwenye makao ya soprano na kuimba pale kama mwanamume anayelia, lakini kwa kuanzia unatosha. Kila chombo kina nyuzi nne, kwa hiyo jukwaani kuna nyuzi kumi na sita. Za fidla, kutoka chini kwenda juu, ni sol, re, la, mi. Za viola ni do, sol, re, la. Za selo zina majina yale yale ya viola, oktava moja chini. Upinde umefungwa singa za mkia wa farasi zilizopakwa utomvu mkavu wa msonobari, na utomvu huo ndio unaoufanya uzi ukamatwe na kuachiwa mara mamia kwa sekunde hadi utoe sauti. Uzi mzito wa selo siku hizi huzungushiwa tungsteni, ili uwe mzito bila kuwa mnene. Tungsteni ni madini yanayochimbwa pia huko Kivu. Shaba yetu imo kwenye piano: nyuzi zake za besi ni chuma kilichozungushiwa shaba. Napenda kuwaambia vijana jambo hilo, kwa sababu wanaambiwa kila siku kwamba muziki huu hauna chochote chao.

Aliyeupa mkusanyiko huu wa wanne heshima yake ni Joseph Haydn wa Austria. Aliandika kwateti 68, na zile sita za mwaka 1781, opus 33, hutajwa mara nyingi kama mahali ambapo sauti nne zilianza kuzungumza kama watu wazima wanne mezani, badala ya mmoja kuhutubia na watatu kumbebea mzigo. Tangu hapo karibu kila mtunzi mkubwa wa Ulaya amejaribu, kwa sababu kwateti haina mahali pa kujificha. Kwenye okestra ya watu themanini, kosa la mmoja humezwa. Kwenye kwateti husikika hadi mlangoni.

Na hawana mwongozaji. Sisi kwenye kwaya tuna mtu mbele yetu anayepungia mikono. Wao wana pumzi. Ukiwatazama kwa karibu utaona: anayeanza kipande huvuta hewa kidogo puani, bega linapanda, upinde unainuka pamoja na pumzi hiyo, na wengine watatu wanaingia pale pumzi inapoachiwa. Ndiyo maana wanakaa kwa nusu duara, kila mmoja akiona mkono wa mwenzake. Huo ndio muziki wa chumbani: uliotungwa kwa chumba ambacho msikilizaji anaweza kuisikia pumzi yenyewe.

Katanga ina masikio ya muziki wa namna hii kuliko inavyojisifu. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, na dunia ikashangaa gita moja linalosikika kama magita mawili: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinatembea juu na melodi yake, na kila kimoja kina maisha yake. Kabla ya uhuru Joseph Kiwele, aliyetunga pia wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960, alikuwa akiandika misa za sauti nyingi kwa waimbaji wa mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Anayejua kufuata alto wakati soprano inamvuta upande mwingine anajua nusu ya kazi ya kusikiliza kwateti.

Nusu ya pili ndiyo iliyomsumbua kijana wangu wa teno.

Neno "kisasa" linatuchanganya, kwa sababu sisi tukisema muziki wa kisasa tunafikiria gita la umeme na sebene. Wenye kwateti wanaposema hivyo wanamaanisha muziki ulioandikwa kwa nota na watunzi walio hai, au waliokufa jana tu. Watunzi hao walifika mahali wakaona kwamba nyuzi zina sauti nyingi ambazo kwa miaka mia mbili zilifukuzwa kama makosa, wakaanza kuzirudisha nyumbani. Béla Bartók wa Hungaria, katika kwateti yake ya nne ya mwaka 1928, aliwaambia wapigaji wauvute uzi kwa kidole hadi urudi na kuugonga ubao: *tak!* Ukiupeleka upinde karibu kabisa na kidaraja kinachobeba nyuzi, sauti inakuwa kama kioo. Ukigeuza upinde na kupiga kwa mti badala ya singa, inakuwa kama vijiti vikavu. Ukigusa uzi kwa kidole bila kuukandamiza, inatoka filimbi ya mbali. Katika nota za leo kila moja ya sauti hizo ina alama yake, na mpigaji hujifunza kuipata mahali pale pale kila siku. Jibu langu kwa kijana, basi, lilikuwa: wanapiga. Nyuzi waliziweka sawa kabla hatujaanza.

Kazi tuliyokuwa tukiisikiliza inaitwa *Black Angels*, malaika weusi, ya Mmarekani George Crumb. Aliimaliza Ijumaa tarehe 13 Machi 1970, wakati vita vya Vietnam vikiendelea, na kwenye nota akaandika kwa Kilatini maneno yanayomaanisha "wakati wa vita". Ina sehemu kumi na tatu, na hesabu zake zimefumwa juu ya namba mbili tu: saba na kumi na tatu. Vyombo vinaunganishwa na umeme ili hata mkwaruzo mdogo ujae ukumbini. Wapigaji wanashika pia manyanga na tam-tamu (sahani kubwa ya kugonga), wananong'ona, wanapiga kelele, wanahesabu kwa sauti. Wanahesabu kwa Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungaria, Kijapani na Kiswahili.

Nilipolisema hilo mama mmoja wa alto, ambaye hadi hapo alikuwa akikunja kitenge chake tayari kuondoka, alikaa tena. "Kiswahili hiki hiki?" Kiswahili hiki hiki, mama. Akaomba turudie kutoka mwanzo, na safari hii hakuna aliyeuliza kama nyuzi zinatengenezwa.

Kuna sehemu moja humo, ya kumi, ambapo selo inaimba peke yake juu kabisa, na wengine watatu wanaziacha fidla na viola zao na kupitisha pinde kwenye ukingo wa bilauri za kioo zilizotiwa maji. Maji yakizidi, sauti inashuka, yakipungua, inapanda. Tulizima spika. Kijana mmoja akaleta bilauri tatu kutoka jikoni la parokia, tukazitia maji, akalowesha kidole na kukizungusha taratibu ukingoni. Ilichukua muda. Ya kwanza ilikataa. Ya pili ilianza kwa mlio mdogo ambao hukujua umetoka wapi, ukakua, ukaujaza ukumbi wote hadi mbwa wa mlinzi akanyanyuka. Hakuna kilichobaki kueleza kuhusu sehemu ya kumi.

Sasa msimu. Kwateti inayoishi kwa kazi yake haipigi tu inapoalikwa. Inapanga mwaka: maonyesho manne, matano au sita katika ukumbi ule ule, yametangazwa kwa pamoja, na msikilizaji anaweza kulipia yote mapema kwa bei nafuu. Fedha hizo za mapema, pamoja na za wafadhili, ndizo zinazolipia ukumbi, kukodi nota na kumlipa mtunzi aandike kazi mpya. Tiketi za mlangoni peke yake hazifiki mbali popote duniani. Ulaya na Marekani msimu huanza Septemba au Oktoba na kumalizika Mei au Juni, kwa sababu majira ya joto watu huiacha miji.

Kalenda hiyo ukiileta Lubumbashi bila kufikiri utajuta. Oktoba hadi Aprili ni mvua yetu. Kumbi nyingi tulizo nazo zimeezekwa mabati, na mvua ya Januari juu ya bati ni kubwa kuliko kwateti yoyote. Muziki mpya unapenda mno sauti ndogo. Mtunzi anaweza kuandika dakika nzima ya kitu kilicho karibu na kimya. Msimu wa hapa mahali pake ni kiangazi, Mei hadi Septemba, jioni zikiwa kavu na tulivu. Lakini kiangazi nacho kinadai chake. Hewa ikikauka, mti wa fidla unasinyaa, vigingi vinavyokaza nyuzi vinateleza, na chombo ulichokiweka sawa saa kumi na moja kimeshalegea saa kumi na mbili. Wapigaji wa hapa huweka kitambaa chenye unyevu ndani ya boksi la chombo Juni na Julai, na hufika ukumbini mapema ili mti uizoee hewa ya ndani. Kanisa la matofali lenye paa refu lina shida nyingine: mwangwi. Wimbo wa pole unapendezeshwa nao, lakini mapigo ya haraka yanapandana hadi hujui nani kapiga nini. Kwa muziki mpya bora darasa kubwa lenye watu mia moja na mapazia mazito, kuliko kanisa lenye watu elfu.

Na mada? Hapa ndipo nimeona wengi, hata wenye kwateti zao, wakipotea.

Mada iliwekwa ili imsaidie msikilizaji asiyejua majina. Nikikuambia "usiku wa leo ni Crumb, Reich na Hamza El Din," sijakuambia kitu. Nikikuambia "usiku wa leo ni watu walioondoka nyumbani," tayari una mahali pa kusimama, na pengine una mtu wa kumfikiria. Mada haifafanui kila noti, na haina haja. Inampa msikilizaji ruhusa ya kuingia na kumbukumbu zake.

Ziko mada za uvivu. Mojawapo ni "Afrika". Nasema hivyo nikiheshimu sana albamu ya mwaka 1992 ya Kronos, kwateti ya Marekani, yenye vipande vya watunzi wa bara letu, kwa sababu ilifungua masikio mengi na kuwapa wapigaji wa dunia nota ambazo hawakuwa nazo. Humo yumo Dumisani Maraire wa Zimbabwe, mwenye mbira mikononi, na Hamza El Din, Mnubi mwenye udi, ala ile ya nyuzi. Humo yumo Kevin Volans, mzaliwa wa Afrika Kusini, na Justinian Tamusuza wa Uganda, ambaye kipande chake jina lake ni *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*. Mswahili hahitaji mkalimani kuona msalaba uliomo humo, na jina zima ni "Katika njia ya msalaba". Kama albamu, ni hazina. Kama mada ya msimu mzima, neno Afrika linawaambia wasikilizaji tu kwamba watunzi walizaliwa kusini ya Ulaya. Mzee wa Nubia na kijana wa Harare wana nini cha pamoja ambacho mtu wa Katuba hapa mjini atakihisi kifuani? Lazima uulize swali dogo zaidi.

Mimi ningeuliza: nani ameondoka, na nani anaweza kurudi?

Lubumbashi ni mji wa walioondoka mahali. Ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka kusini, na tangu hapo watu walishushwa na treni kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia kuja kuchimba na kuyeyusha shaba. Uliza kwenye familia yoyote ya Kamalondo au Kenya, treni imo kwenye hadithi ya babu.

Mwaka 1988 Steve Reich, Mmarekani wa asili ya Kiyahudi, aliiandikia kwateti ya Kronos kazi inayoitwa *Different Trains*, yaani treni tofauti. Alipokuwa mtoto, kati ya 1939 na 1942, wazazi wake walikuwa wametengana, mmoja New York na mwingine Los Angeles, naye akavuka Marekani kwa treni mara nyingi pamoja na yaya wake. Baadaye akawaza kwamba mtoto wa Kiyahudi kama yeye, miaka ile ile, angekuwa Ulaya, angepandishwa treni nyingine kabisa. Akarekodi sauti ya yule yaya, ya mzee aliyefanya kazi kwenye mabehewa ya kulala, na za watu watatu walionusurika mauaji ya Wanazi. Akakata vipande vifupi vya maneno yao, akasikiliza kila kipande kinapanda wapi na kushuka wapi, akaandika kiimbo hicho kwa nota. Msemaji anasema, na viola au selo inasema vile vile pamoja naye, kwa sauti bila maneno. Kwateti iliyo jukwaani inapiga pamoja na kwateti nyingine tatu zilizorekodiwa, honi za treni na ving'ora.

Ukimweleza jambo hilo mtu wa Ulaya, utahitaji dakika kumi. Hapa mzee mmoja wa besi, Mluba wa Kamina, alinikatiza kabla sijamaliza: "Ni kama ngoma." Waluba wana ngoma ya gogo iliyochimbwa, inayotuma habari kwa kufuata kupanda na kushuka kwa lugha yenyewe, kwa sababu katika Kiluba toni hubeba maana. Chombo kusema yaliyosemwa na kinywa si jambo geni kwake.

Kisha yule mama wa alto, baada ya sehemu ya pili, ile ya Ulaya wakati wa vita, alisema polepole: "Hii treni minaijua." Hatukumuuliza ipi. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi za asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, watu waliozaliwa humo, wakalala stesheni majuma na miezi wakingoja mabehewa ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Wapo waliokufa wakingoja, wapo waliokufa njiani. Katika mji huu jambo hilo halizungumzwi kwa urahisi, kwa sababu waliofukuza na waliofukuzwa wanasali kwenye kanisa moja. Sikuwa nimechagua kazi ile kwa ajili yake. Mada ilimpa nafasi ya kusema maneno matatu, nasi tukanyamaza naye.

Kwa hiyo mada yangu ingekuwa "Kuondoka na kurudi", na kazi zingejipanga zenyewe. Reich angefungua msimu. Usiku wa pili ungekuwa wa Crumb, kwa sababu ile kazi yake ya vita imegawanywa katika safari ya hatua tatu: kuondoka, kutokuwapo, kurudi. Ningeiweka hapo nikiwafikiria ndugu zetu wa Goma na Bukavu, ambao tangu mapema mwaka 2025 wengi wao wanaishi kwenye hatua ile ya katikati. Usiku wa tatu ungekuwa wa Hamza El Din na kipande chake cha gurudumu la maji, lile linalovutwa na ng'ombe likizunguka mchana kutwa kunywesha mashamba ya mto Naili. Kijiji chake, Toshka, kilifunikwa na maji ya bwawa kuu la Aswan. Kuna wanaorudi, na kuna ambao nyumbani kwao ni ziwa. Njia ya msalaba ya Tamusuza ingefunga, na kila usiku ungeanza na mpiga gita wa hapa hapa, peke yake, kwa mtindo wa vidole viwili.

Kuna kazi moja niliyoitamani nikaiacha, na kuiacha kulinifundisha kuliko kuchagua. Ni kwateti ya nane ya Dmitri Shostakovich, aliyoiandika kwa siku tatu Julai 1960 karibu na Dresden, mji uliokuwa umeteketezwa kwa mabomu, akaiweka wakfu kwa kumbukumbu ya wahanga wa ufashisti na vita. Inaanza na noti nne: re, mi bemoli, do, si. Kwa majina ya noti ya Kijerumani ni D, Es, C, H, yaani mwanzo wa jina lake mwenyewe. Niliwaimbisha kwaya noti hizo nne, soprano kwanza, kisha alto, kisha wote. Dakika mbili tu, na kila mtu aliondoka nazo mdomoni. Noti hizo zinarudi katika sehemu zote tano, na katika sehemu ya nne kuna mapigo matatu mazito ambayo wengi huyasikia kama mlango unaogongwa usiku. Ingejaza ukumbi. Lakini ni kazi ya mtu aliyebaki, anayechora jina lake ukutani ili lisifutwe. Ukiiingiza kwenye msimu wa kuondoka na kurudi kwa sababu tu ni nzuri na watu wataipenda, mada imekufa, imebaki maandishi ya bango. Mada hupimwa kwa kile inachokikataa. Shostakovich angojee msimu wake.

Baada ya kuchagua ndipo yanakuja mambo ya kalamu na karatasi. Nota za watunzi walio hai si za bure: zinanunuliwa au kukodiwa kwa wachapishaji, na kila onyesho lina malipo ya mtunzi. Kwa kundi la vijana wa hapa hilo lingeweza kumaliza ndoto mapema. Afueni kubwa imetoka kwa Kronos wenyewe. Kundi hilo lilianzishwa Seattle mwaka 1973 na David Harrington, baada ya kuisikia ile ile *Black Angels* redioni, na mwaka 2015 lilianza mpango wa kuagiza kazi hamsini kutoka kwa wanawake ishirini na watano na wanaume ishirini na watano, zitungwe mahsusi kuwafundisha wapigaji wanaochipukia. Nota ziko kwenye mtandao, unapakua bila kulipa, unakwenda nazo penye mashine ya kopi. Humo wamo Angélique Kidjo wa Benin na Fodé Lassana Diabaté, mpiga balafoni wa Mali. Onyo moja tu kwa wanaochapa: pangeni kurasa vizuri. Viola haina mkono wa tatu wa kufunua ukurasa katikati ya mapigo ya haraka, na nimeona kipande kizuri kikianguka chini pamoja na karatasi.

Hatua ya mwisho ya ukomavu ni kuagiza. Kwateti inamwendea mtunzi, inamwambia mada, inakubaliana naye muda na malipo, na baada ya mwaka kazi inazaliwa ambayo haikuwapo duniani. Mji huu una watu wanaotunga kwa ajili ya kwaya kila juma, wanaandika usiku kwenye daftari la shule na Jumapili inaimbwa. Sijaona kwa nini mmoja wao asiandikie nyuzi kumi na sita. Anajua sauti nne. Atahitaji kukaa siku chache na mpigaji wa viola ajue kipi mkono unafika na kipi haufiki.

Limebaki swali ambalo kila mgeni huniuliza kabla ya kuingia ukumbini: nipige makofi lini? Kazi moja huwa na sehemu kadhaa, na kati ya sehemu na sehemu kuna kimya kifupi. Desturi ya kumbi hizo ni kungoja hadi mwisho wa yote, na katika muziki mpya mwisho haujitangazi kwa kishindo. Mara nyingi sauti inafifia hadi hujui kama bado ipo. Usiiangalie saa wala programu. Angalia mikono. Noti ya mwisho ikiisha, pinde zinabaki hewani, na kwa muda huo kazi bado inaendelea. Wanne hao watashusha pinde pamoja, kwa pumzi moja, kama walivyoanza. Hapo piga makofi, na mama zetu wakitaka kupiga vigelegele, wapige.